Mke wa Kwenye Kadi

Esther, acha unachofanya usome. Manariyo amefariki. Fébronie kanipigia sasa hivi kutoka hospitali, Dar. Hata kulia hawezi.

Unakumbuka Kagunga 2015, walipovuka kutoka Burundi? Manariyo aliogopa Carmen, mjane wa kaka yake, ataachwa ufukweni. Akamwandikisha kwenye kadi ya ukimbizi kuwa mkewe. Fébronie, mke wa ndoa, akaandikwa dada. "Ni karatasi tu," alimwambia.

Leo walikuwa wanamwekea betri ya moyo. Katikati daktari akatoka. Mshipa wa kupitishia waya umekuwa mwembamba, waya haupiti. Wanaweza kuutanua kwa puto dogo, ila unaweza kuchanika. Mgonjwa kalewa dawa, hawezi kujisemea. Mke asaini.

Fébronie akanyoosha mkono. Daktari akatazama kadi. "Wewe ni dada. Mke ni huyu." Akampa Carmen kalamu.

Carmen akarudisha kalamu. Esther, aliirudisha! "Nimeshazika mume mmoja. Wakimchana huyu akafa, ukoo utasema nimemuua."

"Mume wako nani?" Fébronie akapiga kelele. "Daktari, mke ni mimi! Kwenye kadi tulidanganya!"

Nesi akacheka. "Mawifi bwana, hata hospitali!"

Akacheka, Esther.

Puto dogo tu, mshipa utanuke, waya upite. Wakamtoa bila waya. Saa nane moyo ukasimama.

Hospitali ikataka wa kusaini kuchukua mwili. Fébronie alikuwa amesimama palepale kwenye dirisha la kusainia. Wakamwita Carmen.

Safari hii amesaini.