Kiuno cha Ngoma ya Bibi

Mtera, 3 Juni 2024

Emiliana mwanangu,

Hujambo? Masomo yanaendaje? Sisi wazima, mtama tumeshavuna, ila moyo unaniwaka. Ngoma ya bibi yako, ile iliyopotea harusini mwaka jana, nimeiona kwa jirani zetu kina Stumai! Wameipaka rangi, wameiwamba ngozi mpya. Nikisema ni yangu wananicheka, eti ya bibi ilikuwa na sauti nzito, hii nyembamba. Mzee Bartolomayo ataamua Jumamosi, na nikishindwa ndiyo basi tena. Wewe uliwahi kuipiga ya bibi picha za kuizunguka, kwa masomo yako ya maumbo. Mjomba wako Anselmi ameizunguka hii vilevile na simu yake. Atakutumia picha, linganisha.

Mama yako

Kikuyu, 5 Juni

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Rangi na ngozi hazinisumbui. Kompyuta inapima uso wa mti wenyewe: unapojaa, unapobana kiunoni, unapobonyea. Nimezilaza ngoma zote mbili moja juu ya nyingine. Nisamehe mama, hazifanani. Kiuno cha ya bibi kiko chini, cha hii kiko juu.

Mwanao Emiliana

Mtera, 6 Juni

Emiliana,

Hujambo. Ngoma ile nimeibana magotini nikiipiga tangu usichana wangu. Kompyuta yako imeibana lini? Angalia tena.

Mama

Kikuyu, 7 Juni

Shikamoo mama,

Najua umekasirika, na una haki. Niliiacha yao imesimama kama walivyoisimamisha wao. Leo nimeipindua juu chini. Mama, zimekaa sawasawa, hata kile kishimo cha shoka unapoegemeza dole gumba! Wamewamba ngozi upande wa miguuni, na mdomo wa huko ni mdogo, ndiyo maana sauti imekuwa nyembamba. Kesho usigombane na mtu. Omba waipindue tu.

Mwanao Emiliana

Mtera, 9 Juni

Emiliana mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa! Nilisimama mbali, nikawaambia waipindue, watafute kishimo chini kidogo ya mdomo mkubwa. Mzee Bartolomayo akapapasa, dole gumba lake likazama. Akasema ni yangu. Stumai alilia, kumbe aliinunua mnadani, maskini, hakujua. Nimemwambia aje tupige wote, maana ndiye aliyeikinga na mchwa.

Nimewamba ngozi mpya upande wake wa zamani, inakauka juani. Wananihimiza niipige, nimekataa. Njoo uibane magotini wewe kwanza. Nataka nikuone.

Mama yako