Chupa Niliyoikataa Dirishani

MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI)

Yameandikwa katika chumba cha upelelezi, Jumatatu tarehe 15, kuanzia saa nane na nusu mchana.

Jina: limo katika jalada. Mtaani anaitwa Bwana Muhuri.
Umri: miaka sitini na mitatu.
Kazi: mfamasia mwenye leseni, msimamizi wa duka la dawa lililo mkabala na kituo cha mabasi.
Makazi: nyuma ya shule ya msingi, nyumba yenye lango la kijani.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Onyo hilo nilipewa pia Ijumaa iliyopita, nikatia saini chini yake, kisha nikasema uongo. Kwa hiyo leo naomba yaandikwe haya, na yale ya Ijumaa yasitumiwe tena dhidi ya mtu yeyote.

Mimi ndiye ninayesimamia kabati la dawa zinazodhibitiwa katika duka letu. Kabati hilo ni la chuma na lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi na wa pili anao msaidizi wangu, mwanamke ambaye wateja humwita Dada Mizani. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Ndani yake hukaa dawa kali za maumivu na za usingizi, ambazo hazitolewi bila cheti cha daktari chenye saini na muhuri. Jina langu la mtaani limetokana na hilo. Watu husema hata malaika wa mauti akija bila muhuri nitamrudisha mlangoni. Utani huo ulinifurahisha.

Mwezi uliopita nilianza kumhudumia fundi cherehani mmoja mstaafu, aliyekuwa na saratani. Daktari alimwandikia mofini ya maji. Mtoto wake wa kiume, ambaye ni dereva wa lori, ndiye aliyeichukua na kutia saini. Nilimweleza kwa kinywa changu kwamba mgonjwa akipona au akifariki, dawa itakayosalia isikae nyumbani hata kidogo, irudishwe kwangu. Akasema, "Nimekuelewa, mzee. Nitamwambia na mke wangu, maana yeye ndiye anayemuuguza baba."

Yule mzee alifariki Jumatano tarehe 3. Nilikwenda kuzika.

Mnamo Jumanne tarehe 9, kiasi cha saa sita mchana, mke wa yule dereva alikuja dukani. Palikuwa na foleni. Alisubiri zamu yake, kisha akatoa chupa iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe, akaiweka dirishani. Ilikuwa imesalia zaidi ya nusu. Nilipoiona tu niliitambua, kwa sababu lebo niliiandika mwenyewe.

Akasema, "Baba, nimeleta ile dawa ya marehemu baba mkwe. Mlisema isibaki nyumbani."

Nikamuuliza, "Nani aliisaini?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko safarini. Baada ya mazishi kazini walimwita."

Nikamwambia, "Basi akishuka kwenye lori ailete yeye. Wewe hapa sikutambui."

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha."

"Kunywesha siyo kusaini, mama."

Watu walicheka. Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma yake akasema, "Leo umekutana na Bwana Muhuri, dada! Rudi kaburini ukaombe muhuri wa marehemu." Wakacheka zaidi. Nami nilicheka. Yeye hakucheka. Alisogea karibu na dirisha, akapunguza sauti.

"Sasa niiweke wapi, baba? Nyumba bado ina wageni wa msiba."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Iweke kabatini. Au huko kwenu hakuna kabati?"

Akaifunga tena ile chupa katika kitambaa. Akasema, "Ahsante, baba," akaondoka.

Naeleza sasa kanuni ilivyo, kwa sababu mpelelezi ameniuliza. Kanuni haisemi kwamba aliyetia saini ndiye pekee anayeweza kurudisha. Inasema kinyume chake: dawa ya namna hii ikiletwa na mtu yeyote, ipokelewe papo hapo mbele ya watu wawili, iandikwe, ifungiwe, hadi iteketezwe mbele ya mkaguzi. Naijua. Wafamasia wapya wanapokuja kujifunza kwetu, mimi ndiye ninayewafundisha, na aliyeshindwa kuitaja bila kutazama karatasi nilikuwa nikimsimamisha wima mbele ya wenzake.

Sababu ya kuikataa chupa ni hii. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Tangu Jumatatu mimi na Dada Mizani tulikuwa tumehesabu kila kitu kabatini, na hesabu ilikuwa imelingana na rejesta, bila tone kuzidi wala kupungua. Kuipokea chupa hiyo kungenilazimu kupima dawa iliyosalia, kuandika taarifa, na kumweleza mkaguzi kwa nini chupa ilikaa nyumbani kwa marehemu siku kadhaa nami nilikuwa mazishini na sikuiulizia. Nilitaka akute kabati safi. Hapakuwa na sababu nyingine.

Dada Mizani alikuwa nyuma yangu akifungua maboksi. Yule mama alipotoka aliniuliza, "Mzee, kwa nini tusiipokee? Ufunguo wangu huu hapa."

Nikasema, "Hesabu imekwisha fungwa."

Akasema, "Haya. Hesabu imefungwa, na chupa inazurura mjini." Akaendelea na maboksi yake.

Jumatano mkaguzi alikuja. Alilikagua kabati, akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Alisema laiti maduka yote yangekuwa kama langu. Jioni nilimweleza mke wangu maneno hayo, na nikamweleza tena wakati wa chakula.

Mnamo Ijumaa tarehe 12, saa tisa alasiri, konstebo alifika dukani. Alinieleza kwamba asubuhi hiyo mjane wa yule fundi alikutwa na jirani yake amelala sakafuni, haamki, na chupa ya mofini ilikuwa kando yake. Alikuwa amepelekwa hospitali. Akanieleza pia kwamba majirani waliwasikia mjane na mkaza mwana wake wakigombana juzi yake. Mkaza mwana alitaka kitanda cha marehemu kiondolewe sebuleni, na mjane hakutaka kiguswe. Chupa ilikuwa ikiwekwa ndani ya kabati la mkaza mwana. Kwa hiyo walikuwa wanamshikilia kwa kuficha dawa hiyo ili amdhuru mama mkwe wake.

Kisha akaniuliza, "Anadai alikuletea chupa ukaikataa. Ni kweli?"

Dada Mizani alikuwa amesimama kwenye mizani, karibu nami kama meza hii ilivyo. Nilimwambia konstebo, "Hakuja. Angekuja ningeipokea, kanuni ndivyo inavyosema." Nikamtolea kitabu cha kanuni, nikamwonyesha mahali penyewe. Akasoma, akaitikia kwa kichwa akiwa ameridhika. Akasema, "Ahsante, mzee. Watu kama wewe ndio mnaoturahisishia kazi."

Nilitia saini. Hati yangu ni nzuri. Ilikuwa nzuri hata siku ile.

Jumamosi na Jumapili sikutoka nyumbani. Mke wangu alipoleta habari kwamba yule mama analala mahabusu na kwamba mtoto wake mdogo amepelekwa kwa shangazi yake, nilimwambia asiniletee maneno ya mtaani.

Leo asubuhi, mara tu tulipofungua duka, yule dereva aliingia. Alikuwa hajabadili nguo za safari. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Akasema, "Mzee, nimekuja kukushukuru. Wewe ulimtunza baba, na sasa umenifumbua macho."

Nikamuuliza, "Kwa jambo gani?"

"Mke wangu ameapa mbele yangu huko mahabusu kwamba alikuletea ile chupa. Amelia mpaka sauti imemkauka. Ningeweza kumwamini, mzee. Lakini wewe ninakujua. Mimi mwenyewe ulinirudisha kwa daktari mara mbili kwa sababu ya muhuri uliofifia, na baba anaumwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema uongo. Basi mwongo ni yeye. Nimekwisha kuwapigia simu kaka zake. Wakimwachia waje wamchukue, kwangu harudi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, dukani hapakuwa na mteja, na mkono wangu ulikuwa bado umo mikononi mwake. Nilimwambia, "Pole, mwanangu." Hayo tu. Akanishukuru tena, akatoka.

Naomba pia liandikwe jambo hili, kwa maana sitaki ionekane kwamba nimeletwa hapa na dhamiri yangu peke yake. Dereva alipotoka, Dada Mizani alivua ufunguo wake shingoni, akauweka mezani mbele yangu. Alisema, "Mzee, mtafute mwingine wa kuushika huu. Saa kumi leo nakwenda polisi. Nilinyamaza Ijumaa kwa heshima yako, na heshima hiyo imemlaza mtoto wa watu sakafuni mahabusu. Ukitaka kutangulia, tangulia."

Nimetangulia kwa saa moja na nusu. Siwezi kuapa kwamba ningekuja bila yeye.

Namna dawa ilivyofika kinywani mwa mjane siijui, sikuwapo. Mpelelezi ameniambia kwamba mjane sasa anapumua mwenyewe lakini hajaweza kusema. Atakapoweza atasema yeye. Mimi nasema ninalolijua: mwanamke huyo hakuificha dawa. Aliileta mchana kweupe, mbele ya foleni, akaniuliza aiweke wapi, nami ndiye niliyemwambia aiweke kabatini. Kama kuna aliyeiweka chupa hiyo nyumbani kwao tangu Jumanne, ni mimi.

Najua kwamba leseni yangu itakwenda mbele ya baraza. Sina la kujitetea huko. Mpelelezi ameniuliza kama nilimkataa kwa chuki au kwa ugomvi wowote na familia yake. Hapana. Sikuwa na chuki naye. Sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo linalonitia haya kuliko uongo wenyewe. Nilikuwa nikimfikiria mkaguzi.

Naomba mume wake asomewe maelezo haya leo, kabla hao kaka hawajafika. Nimeambiwa kwamba kwa sasa amekaa na jamaa zake kwenye benchi la mapokezi, na kwamba mke wake ataletwa hapo hapo karatasi za kumwachia zikikamilika.

Niliyoyasema ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu, na yanayafuta yale ya Ijumaa.

(Saini ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti naye akakubali kuwa ni sahihi. Alisahihisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika "wakacheka zaidi", akataka iongezwe "nami nilicheka". Msaidizi wake amefika saa kumi na maelezo yake yameandikwa kando. Yanalingana na haya. Kwa kuwa mapokezi yamejaa ndugu wa mtuhumiwa na sauti zimeanza kupanda, nilimshauri shahidi atokee mlango wa nyuma, nikajitolea kumsindikiza. Alikataa. Aliomba maji, akanywa, akavaa kofia, kisha akaivua akaishika mkononi. Ametokea mlango wa mbele saa kumi na dakika arobaini.

(Saini ya afisa)