Kaktusi Yako Imeoza, Papa

Papa,

Kaktusi yako imeoza. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeliuliza kabla ya habari za Mama, na hilo nalo linaniudhi. Mama yuko, amekonda, anakusalimu.

Vita vilipopita tulirudi Kamina kwa mguu kutoka Kabongo, virago juu ya baiskeli. Kaburi lako tulionyeshwa na wamama wa kanisa, wale waliokuzika sisi tukiwa mbali. Kisha Mama Mujinga, jirani yetu, akanipeleka barazani, kwenye lile kopo la maziwa ulilopandia kaktusi uliyoachiwa na mmisionari. Alikuwa na fahari kabisa. "Baba yako alikuwa anaipenda mingi. Tulikuwa tunaipatia mayi kila asubui, hata siku ya masasi."

Kila asubuhi, Papa. Wanawake wazima walivuka barabara risasi zikilia, ili kumwagilia mmea wa Meksiko usiotaka maji. Nilipoigusa, chini ilibonyea kama ndizi mbovu. Ningemgombeza vipi mtu aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya ua lako? Kwa hiyo hasira yote imekuja kwako.

Wewe, mwalimu wa biolojia. Kila mwaka uliiweka mezani darasani, haizidi ngumi yako. Ulituonyesha vichuchu vyake vinavyozunguka kwa mistari ya kupinda, kila kimoja na pamba yake nyeupe na miiba yake, mwiba wa katikati umepinda kama ndoano. Ulituonyesha maua yanavyozunguka utosi wake kama taji, madogo, rangi ya waridi, kila petali na mstari uliokolea katikati. Ulivunja kitawi cha mmea wa uzio wetu, unaofanana na kaktusi, kikatoa maziwa, ukaichoma kaktusi sindano ikatoa maji tu. "Haziko ndugu," ulisema. "Jua kali njo imezifananisha." Darasa zima lilijua hayo. Jirani zako hawakujua hata kwamba maji mengi yanaiua, kwa sababu hukuwaambia.

Hata tumbo lako hukutuambia. Ni Mama Mujinga aliyenieleza kwamba lilikuwa limevimba tangu kabla hatujaondoka, ukilificha chini ya koti, na hospitali haikuwa na dawa kwa kuwa treni haikufika tena. Ukatufungia mizigo, ukasema, "Muende, minyi nitakuya nyuma." Nilikuamini kwamba utatufuata. Kule Kabongo nilikuwa natazama barabara kila jioni kama mjinga. Ulitudanganya, Papa. Ningebaki. Ningekupikia uji, ningekugeuza kitandani. Hiyo ilikuwa haki yangu, ukaninyima.

Ubavuni mwa kaktusi nilikuta kitoto kimoja, bado kigumu. Nilikikata kwa wembe, nikakiacha kivulini bila udongo wala maji, kidonda kikauke, kama ulivyofundisha. Mama Mujinga alitaka tukipande kaburini siku ileile na kukimwagia. "Mutoto gani anaacha maua ya baba yake ife na kiu?" Mvua zilikuwa zimeanza, kaburini kingeoza kama mama yake. Nilikataa. Wamama wakawa wananipita kanisani bila salamu, wakisema sina huzuni.

Mwishowe nilimwita Mama Mujinga, nikamwekea kile kitoto kiganjani, nikamweleza yote: jinsi kinavyoweka maji ndani, jinsi mizizi inavyooza ikilowa. Alikigeuza kiganjani. "Sasa Papa yako alikuwa anashindwa nini kutuambia?" Alikuwa analia. Nami nililia, lakini kwa hasira.

Kitoto kimeota mizizi. Maua bado, na huenda yasije.

Nakuaga, Papa. Pumzika. Sijakusamehe, na sitakuja kaburini kusema uongo. Ninachokuahidi ni kwamba katika nyumba hii hakuna atakayekufa tena kwa siri. Jana Mama alisema kikohozi chake si kitu. Nilisimama mlangoni, sikumpisha, mpaka aliponionyesha kinapomuuma.

Binti yako,
Ngoie