Kemunto Alikuambia Wewe Kwanza

Ameitwa! Kemunto wetu ameitwa chuo kikuu, anaenda kusomea kupima ardhi, na barua iko hapa mezani nimeifunika kwa kitambaa cha kochi ili kuku asije akaikanyaga. Nimesoma jina lake mara tano. Huku kwetu juu ya Kebirigo sijasikia msichana mwingine aliyesomea kazi hiyo, na kama yupo, basi mama yake ni mtu wa kunyamaza sana.

Baba Kemunto mpendwa,

Sasa ndiyo nakusalimu. Najua ningeanza na salamu, maana wewe ulikuwa mtu wa salamu, uliweza kumsalimia mgeni mpaka chai yake ikapoa. Lakini habari hii ilikuwa inanichoma mdomo. Sisi tuko salama. Wewe pia naona uko salama hapo ulipolala kando ya migomba, mwaka wa saba huu, hujalalamika hata siku moja.

Nikuambie ukweli kabla moyo haujanirudi nyuma: nakuonea wivu. Ndiyo, wewe, marehemu. Tangu barua ije, watu wanaingia hapa kunipa mkono, na mkono bado uko hewani wanaanza: "Haya, damu ya baba yake hiyo." "Kichwa ni kile kile cha marehemu." Ndugu yako Onchiri alisimama kanisani Sabato iliyopita akamshukuru Mungu kwa akili za ukoo wenu. Ukoo wenu! Nilikuwa nimekaa benchi la pili na kitambaa kipya kichwani, watu wakanitazama kama mtu aliyepita kuomba maji ya kunywa. Mtoto akianguka mtihani ni wa mama, hiyo tumeizoea. Akipita, ghafla mama alikuwa mpangaji tu. Kwani sisi watu wa Mosocho tulizaliwa bila vichwa? Baba yangu alijua ng'ombe wa kijiji kizima, na mama zao, na nyanya zao.

Lakini wewe ulianza zamani. Alipozaliwa, mimi nilikuwa nimeshamchagulia jina moyoni. Ukaingia chumbani na mama yako nyuma yako, na jina likawa Kemunto, jina la mama yako, kama desturi inavyotaka. Sawa. Watu wakaja, wakamfunua blanketi, wakasema miguu ni ya kwenu. Paji la uso, la kwenu. Mimi nikabaki namgeuza mtoto huku na huku nikitafuta changu, nikapata kialama kidogo nyuma ya sikio. Nikakishika hicho.

Halafu akajua kutembea, na hatua zote zikawa za kukufuata. Majirani wakigombania mpaka walikuwa wanakuita wewe, na huku kwetu nani hagombanii mpaka, shamba limegawiwa wana na wajukuu mpaka mtu anabaki na mistari minne ya chai na choo. Hukuwa na cheo. Ulikuwa na kamba yako ya mkonge yenye mafundo, na ile sauti yako ya kupoza watu wenye mapanga. Kemunto alishika ncha moja ya kamba, wewe nyingine.

Unakumbuka siku mliyorudi mmelowa wote wawili, matope mpaka magotini? Nilikuwa nasonga obokima. Ukasimama mlangoni unacheka.

"Mama Kemunto, huyu mtoto amenikosoa mbele ya wazee. Nilikuwa nimeruka fundo moja."

Ulifurahi kukosolewa kuliko mtu aliyepewa mbuzi. Mimi nikasema nendeni mkanawe miguu, ugali unapoa. Nilichotaka kusema ni kwamba nilimbeba miezi tisa na mgongo wangu haujapona, na wewe ulikuwa unambeba na peremende mfukoni, halafu akilia usiku anakuita wewe baba yake, "Tata! Tata!" Hakulia jina langu.

Ulipotutoka alikuwa darasa la sita. Mungu anisamehe hii nitakayoandika. Katikati ya kilio, watu wakiwa wamejaa uwanjani, kuna sauti ndogo ndani yangu ilisema: basi sasa atakuwa wangu.

Na nilimshika, usifikiri nilicheza. Watu wanasema kidato cha tatu ndipo mtoto hupotelea, anakuwa si mdogo wala mkubwa, mtihani wa mwisho anauona uko mbali. Nikasema huyu hapotei. Akija likizo, kazi ya kuchuma majani chai ilikuwa yangu, yeye kitabu. Jioni kabla ya chakula anaketi kwenye kigoda, mimi nashika kitabu chake cha fizikia namwambia eleza. Unanijua, nimeishia darasa la nane, kile kitabu ningeweza kukishika juu chini nisijue. Lakini nilikuwa simtazami kitabuni. Namtazama mkono. Kemunto akiwa na uhakika, vidole viko wazi. Akianza kubahatisha, kidole gumba kinaingia ndani ya ngumi, kinajificha. Hapo namsimamisha.

"Hapo hujui. Rudia."

"Mama, umejuaje na hata hujasoma?"

"Nasoma kitu kingine. Rudia."

Hiyo wewe hukuijua, Baba Kemunto. Kamba ulikuwa nayo, lakini kidole gumba ni mimi nilikiona.

Kwa hiyo siku ya wazazi kuonana na walimu nilienda na kichwa juu. Nilimbebea mboga ya chinsaga na kuku mzima, nikavaa ile nguo ya kijani. Mwalimu wake wa darasa akafungua daftari akauliza, akimaliza shule angependa kusomea nini. Alimuuliza Kemunto. Nikajibu mimi.

"Daktari!"

Nilisema kwa nguvu, foleni yote ya wazazi ikageuka. Nilifurahi walivyogeuka. Mwalimu akaandika. Kemunto akatazama viatu vyake, nikadhani ni adabu.

Na mimi nilivyo, siku ya soko ilipofika, Kebirigo yote ilikuwa inajua. Nikawa Mama Daktari. Wanawake wenzangu pale kwenye ndizi walinitania, nami nilitaniwa nikanenepa.

"Mama Daktari, hizi ndizi zako zinaponya nini?"

"Zinaponya wivu. Chukua vichana viwili, wewe uko hali mbaya."

Kumbe dawa hiyo ningeimeza mimi kwanza.

Mwaka mzima wa kidato cha nne nilimwandikia ujumbe kwa simu ya mwalimu: soma, daktari wangu. Matokeo yakatoka, akapata A, ile yenye kistari pembeni. Watu wengine walitaka kunieleza kwamba kistari kinapunguza. Mimi naona kinapamba. Na alama hiyo ilitosha udaktari, ndipo shida ilipoanza, maana sasa hapakuwa na mahali pa kujificha. Wakati wa kuchagua vyuo kwenye mtandao ukafika, na kila nikimuuliza ananiambia, "Ndiyo, Mama," na anaondoka kwenda kuchota maji ambayo tayari yapo.

Alasiri moja nilikuwa narudi kutoka kituo cha chai, kikapu kitupu mgongoni, nikapitia njia ya migombani. Nikasikia mtu anaongea pale kwako. Nikasimama nyuma ya mgomba. Ni yeye, ameketi juu ya saruji amekunja miguu, kama alivyokuwa anaketi karibu na kiti chako.

"Tata," akasema, "nimepita. Lakini Mama anataka daktari. Mimi damu nikiiona naanguka, unakumbuka yule kuku. Nataka ile kazi yetu ya kupima. Sijui nitamwambiaje."

Kazi yetu.

Nimeshika mimba, nimeshika jembe, nimeshika kitabu cha fizikia juu chini, na kumbe mtoto alikuwa na kazi yake na mtu ambaye hajibu. Miaka yote hiyo umelala hapo hufanyi chochote, na bado alikuambia wewe kwanza! Nilirudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikapika mboga nikasahau chumvi.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Wajua kila Ijumaa kabla ya Sabato nafagia pale kwako na kung'oa magugu. Nikaacha. Wiki mbili nzima. Onchiri alipita akaona nyasi, akauliza, "Shemeji, mbona huku kwa ndugu yangu kumekuwa msitu?" Nikamwambia mgongo unaniuma. Haukuwa mgongo. Nilitaka tu na wewe ukose kitu.

Siku ya kujaza majina ya vyuo tukaenda saiba, lile duka la kompyuta pale Kebirigo, mimi na yeye. Njiani nilikuwa na maneno mengi, sikutoa hata moja. Nilikuwa nafikiri nikinyamaza, nitabaki Mama Daktari na hakuna atakayejua kwamba nilisikia. Wewe huwezi kunisema. Hiyo ilikuwa hila yangu, na ilikuwa hila nzuri.

Msichana wa saiba akafungua ukurasa, akauliza, "Chaguo la kwanza tuweke nini?"

Kemunto akasema, "Weka udaktari."

Alisema vizuri, sauti haikutetemeka. Nikautazama mkono wake juu ya meza. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya ngumi mpaka kucha haionekani.

Baba Kemunto, kuna mambo mtu hawezi kuyafanya hata kwa wivu. Mwaka mzima nilikuwa namwambia hapo hujui, rudia. Sasa nikae nimwangalie akijibu kosa kwenye swali kubwa kuliko yote kwa sababu jibu hilo linanipendeza mimi?

"Toa hiyo," nikamwambia msichana wa saiba. "Andika ile aliyomwambia baba yake."

Msichana akatutazama, hajui aandike nini. Kemunto akageuka polepole.

"Mama. Ulisikia?"

"Nilikuwa na masikio siku hiyo."

"Na hukusema?"

"Na wewe hukusema! Mimi niko hai, niko jikoni, napika. Ukampita mama yako mzima ukaenda kuambia saruji."

Machozi yalikuwa karibu, yangu na yake. Halafu akacheka, ule mcheko wako, nikataka kumpiga na kumkumbatia pamoja.

"Nilimwambia Tata kwa sababu yeye hatapeleka sokoni."

Msichana wa saiba akainama chini ya meza akajifanya anatafuta waya. Alikuwa anacheka pia. Mimi ambaye sikosi jibu hata kwa wachuuzi wa Kisii mjini, nikasogeza kiti changu nimpishe. Maana ni kweli. Mtoto angeniambia asubuhi, mchana ingekuwa imefika stendi.

Basi akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, vidole wazi. Ijumaa hiyo nilirudi kung'oa magugu yako. Hatukuongea, mimi na wewe. Lakini nilifagia vizuri.

Soko nimeliambia mwenyewe. Wamenicheka, wakasema sasa utakuwa Mama Soroveya. Nikawaambia mcheke vizuri, siku jirani yako atakaposogeza ua ale hatua mbili za chai utamwita nani, daktari?

Na bado wivu haujaisha, usijidanganye. Jana Onchiri alikuja kupanga sherehe ya kumsindikiza. Akasema kwa kuwa wewe hupo, yeye ndugu yako ndiye atasimama mbele kumsemea mtoto na kumpeleka chuoni, ndivyo ilivyo desturi. Nilikuwa namwagia chai. Nikaendelea kumwagia mpaka kikombe kikafurika. Kemunto akachukua birika mkononi mwangu.

"Baba mdogo, wewe utaomba na utakaa kiti cha mbele kabisa," akamwambia kwa heshima. "Lakini Mama ndiye atanisemea, na Mama ndiye atanipeleka. Yeye ndiye ananijua."

Onchiri akanywa chai iliyofurika. Ananijua! Ulisikia hiyo, kutoka hapo ulipo? Nilienda nyuma ya jiko nikalia kidogo, nikarudi nikajifanya ni moshi.

Jambo moja limebaki, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Juzi tukichambua mboga, Kemunto aliniambia siri. Siyo ndogo, ni kubwa. Nikamuuliza, "Tata umemwambia?" Akasema hapana, nimekuambia wewe kwanza. Siku ya tatu leo sijamwambia mtu. Wale wa sokoni wanajua nina kitu, maana nimeshindwa kukaa kawaida, wananibembeleza, wananiletea mpaka parachichi. Hawatapata. Na wewe pia hutapata. Unaweza kumngoja aje aketi hapo akuambie mwenyewe, kama atakuja. Mimi nimeshikilia changu, na nikipita hapo kwako na ndoo napita polepole makusudi, ili uonje kidogo nilichoonja mimi miaka yote hii.

Haya, nakuacha upumzike, nina unga wa kusaga na viti vya kuazima. Ndugu zangu wa Mosocho watakuja na nimewaambia wapige pasi nguo, mbele ya watu wako sitaki aibu. Onchiri ataomba, na aombe kwa ufupi. Halafu nitasimama mimi. Nikimaliza kusema, sifa zitakazobaki ni zako, uchukue zote, sitakunyima. Wewe huna safari, hapo ulipo utasikia kila neno. Wengine wote, wa kwenu na wa kwetu, nawangoja hapa nyumbani Jumapili hii, saa nne asubuhi.

Ni mimi mkeo,
Mama Kemunto