Mayai Kichwani Nikiwa na Miaka Arobaini na Miwili

Córdoba, Jumatatu asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Fermín,

Salamu nyingi zikufikie huko Belén, wewe, Rosaura na mapacha. Natumaini baridi imepungua na kifua cha Baba kimetulia. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko ulivyopata kuniona. Sababu utaijua ukisoma mpaka chini. Usiruke mistari kama kawaida yako.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu gari lipinduke nawe pale mteremkoni, mikono inatetemeka ukigusa usukani hata kama gari limezimwa, na Rosaura amekutafutia mwanasaikolojia. Unaniuliza kwa kejeli kama utalazwa kwenye kochi uulizwe habari za mama, na unaapa kwamba wewe si mwendawazimu. Fermín, hata mimi si mwendawazimu, na nimekwenda kila Alhamisi kwa mwaka mzima na nusu.

Shida yangu ilikuwa sauti. Nikiwekwa mbele ya watu walioketi mezani wakinitazama, sauti inapotea. Huku ofisini kila mtu ana mwanasaikolojia wake, wanamtaja kama mtu anavyomtaja kinyozi. Siku moja Delfina, yule wa meza ya jirani, akaniuliza mimi nakwenda kwa nani. Nikamjibu siendi kwa mtu. Akaniangalia akasema, “Huendi? Maskini! Ndiyo maana unatafuna kalamu mpaka wino unatoka!” Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda msalani kulia.

Wa kwanza niliyekwenda kwake hatukuivana. Alikuwa akitazama saa, na nikitoka najiona mzito kuliko nilivyoingia. Nilitaka kuacha kabisa. Delfina akanigombeza, akasema viatu vikikubana unabadilisha viatu, hukati miguu. Ndipo nikampata Irupé Zabaleta, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

Hakuna kochi. Kuna viti viwili, feni na boksi la karatasi za kufutia machozi. Aliniambia nitakayosema yatabaki mle ndani, isipokuwa akiona maisha ya mtu yamo hatarini. Kisha akauliza, “Haya, Nélida, nini kimekuleta?” Nikalia karibu saa nzima. Niliomba radhi, akasema hakuna deni. Usitegemee akuambie la kufanya. Mimi nilimsihi, akanirudishia swali. Kuna siku utatoka umekasirika. Kuna siku mtazungumza mambo ya supu na utadhani mmepoteza wakati.

Baadaye tukaanza mazoezi. Kwanza kusimama nje ya jengo ninaloliogopa, basi. Wiki nyingine kupanda ngazi. Kisha kuketi nyuma ya ukumbi nikisikiliza wengine wakiulizwa maswali. Mwishowe Delfina na wenzake wawili wakaketi mezani wakajifanya wakali, nami nikazungumza. Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya sita wakaniambia ninyamaze, wana njaa.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Jengo lile ni chuo changu, Fermín. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Baba alipochinja mbuzi wawili na kuwaita majirani wote kumsherehekea mwanasheria wake, mimi sikuwa mwanasheria. Ulibaki mtihani mmoja, wa mdomo. Niliingia, nikawakuta watahini watatu, nikafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Nikakimbia. Jioni Baba akapiga simu: “Tayari, mwanasheria wangu?” Nikamwambia tayari. Tangu siku hiyo ninachapa barua za mawakili ofisini huku ninyi mkijisifu kwa jina langu. Mara nne nilijiandikisha tena, mara nne nikaishia kwenye ngazi. Nisamehe.

Ijumaa iliyopita niliingia. Nilishika kiti badala ya kuketi. Mtahini mkubwa akauliza, “Bibi, tukuletee maji?” Nikamwambia, “Ninaogopa sana, mheshimiwa, lakini swali ninalijua. Nipe dakika moja.” Akanipa. Sauti ikaja, nyembamba, halafu ikanenepa, halafu ikajaza chumba, mpaka wakawa wananiambia, “Inatosha, bibi, inatosha!” nami bado ninaendelea. Walinipa tisa katika kumi.

Nje ofisi nzima ilikuwa ikinisubiri. Mayai kichwani, unga usoni, haradali mgongoni, kama wanavyofanyiwa wahitimu wote huku, na vijana wa miaka ishirini na ushei wakinipigia makofi. Delfina alikuwa akilia kuliko mimi. Nilitembea hivyo hivyo hadi nyumbani, nikinuka, barabara nzima, na kila aliyenipongeza nilimjibu kwa sauti kubwa.

Usimwambie Baba. Jumamosi nakuja mwenyewe. Huenda akakasirika, na haki anayo. Wewe nenda tu ukaonane na huyo mwanasaikolojia. Ukitetemeka, mwambie unatetemeka, atakuelewa.

Mbusu Rosaura, wainue mapacha juu kwa niaba yangu, na mwombe Baba aweke kiti changu mbele yake pale mezani. Nitamweleza yote mbele yenu nyote, na atanisikia vizuri.

Dada yako akupendaye,
Nélida