Siku Bibi Alipoteleza

Mjukuu wangu Tatu,

Hapa Nsemulwa tu wazima, karanga zimejaa hadi sebuleni. Unasema huko chuoni umeona kwa hadubini zebaki ikipausha seli za mwani mpaka zinakufa, ukauliza kama nilishaona kitu hicho.

Mwani wa bahari siujui. Ila nikiwa msichana, wachimba dhahabu walisafisha mchanga wao kwa zebaki upande wa juu wa kijito chetu, na utelezi wa kijani ukatoweka kwenye mawe. Wasichana tukafurahi: hakuna tena kuanguka na ndoo! Bibi yangu akafoka, "Maji yasiyootesha hata utelezi, nyie mnayanywaje?"

Wazee wakawahamisha wachimbaji. Mvua kadhaa baadaye bibi akateleza chali kwenye mawe yaleyale, ndoo kule, kanga huku. Akapiga vigelegele palepale kijitoni, nasi tukaitikia.

Mwani wako ukiota tena kijani, nipigie simu. Vigelegele bado ninavyo.

Bibi yako