Barabara ya Juu

Meru,
12 Februari 1986

Mdogo wangu Nelius,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Karimi, ambaye ana kikohozi kidogo tu. Wewe je, mgongo umepoa?

Tulirudi salama. Bado nacheka nikikumbuka ulivyokuja mbio kutufungulia lango, unga mikononi. Usidhani ni wewe tu ulishangaa. Miaka tisa shemeji yako Mutegi hajanipeleka kwetu, halafu Jumamosi moja anaosha gari na kusema, "Vaa, twende tukamwone Nelius." Na hakupitia lami. Lami mpya ipo, imenyooka, yeye akashika barabara ya juu, kando ya msitu. Nelius, kuna uzuri huko! Chai pande zote, mlima wazi hadi kwenye theluji. Tuliposhuka bonde la mto Thuchi niliona maji yakichemka chini kabisa nikashika mlango kwa mikono miwili. Nilimwuliza mbona njia hii. Akasema, "Lami ina macho mengi." Nikadhani ni mzaha wake.

Yule Bwana Kivuti tuliyempakia Chogoria anausifu mukimo wako wa viazi na mahindi hadi leo.

Ni mimi dada yako,
Virginia

Kianjokoma,
26 Februari 1986

Dada mpendwa,

Barua yako ilinipata nikichuma chai. Mimi ni mzima, mgongo unalalamika kama kawaida yake.

Asante kwa kuja. Lakini nikuulize, Bwana Kivuti ni nani kwenu? Siku ile nilimtembeza kila mahali, unanijua ninavyojivunia shamba la Baba. Aliuliza kama chemchemi hukauka, nikamwambia haijakauka tangu nizaliwe. Aliuliza kilo za majani kwa mwezi, nikamtajia. Jumanne amerudi bila kupiga hodi, na mtu mwenye mnyororo wa kupimia. Nilipouliza, akanijibu kwa upole kwamba ameshasikizana na mwenye shamba. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni ameniacha siwezi kulala.

Unakumbuka mwaka wa kupimwa mashamba, karani alipomwambia Baba ataje mtoto wa kiume? Hakuwa naye. Akaandikisha jina la mkwewe, akatuambia Mutegi atatushikia tu. Dada, sina mume, sina pengine pa kwenda. Niulizie, lakini kwa akili.

Mdogo wako,
Nelius

Meru,
9 Machi 1986

Nelius wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo.

Nimefungua sanduku la karatasi za Mutegi. Anauza shamba lote, na nyumba ya Baba ndani yake, kwa huyo Kivuti. Bodi ya ardhi inakaa Runyenjes, Ijumaa tarehe 21. Na kuna karatasi ya idhini ya mke yenye sahihi yangu. Niliitia mwenyewe mwezi wa kwanza, akiniambia ni ya bima ya gari. Sikuisoma. Nisamehe. Nimekaa na mwanamume huyu miaka ishirini nikimwamini kama mjinga, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nitakuja mbele ya wazee wa bodi niikane kwa mdomo wangu. Bila mke, hawapitishi. Usiniandikie kwa sanduku la posta, ufunguo anao yeye. Andika kupitia kanisani.

Dada yako,
Virginia

Kianjokoma,
12 Machi 1986

Dada,

Salamu. Sina maneno mengi. Sikulaumu, hata mimi ningetia sahihi. Panda basi la lami Alhamisi, ulale kwangu, asubuhi twende bodi pamoja. Usimwambie shemeji lolote. Na tafadhali usipande gari lake.

Mdogo wako,
Nelius

Meru,
19 Machi 1986

Nelius,

Hujambo? Hii nampa Makandi anayekuja Runyenjes kesho, akupe mkononi.

Barua yako ilifika kanisani Jumapili. Katekista, kwa heshima zake, akaona si vizuri kumpa mke barua na mume yupo, tena mzee wa kanisa. Akampa Mutegi. Aliisoma palepale kwenye benchi, akaikunja, akanipa bila neno. Ningependa anipigie kelele. Badala yake jana amechinja kuku, akanikatia paja yeye mwenyewe. Ananiambia, "Umeshinda, mama Karimi. Ijumaa twende wote, ukawaambie wazee unavyotaka. Tutapita barabara ya juu, kwa vile uliipenda."

Nimejaribu kukataa. Ameficha kitambulisho changu, anasema nitakipata huko bodi, na bila hicho hawatanisikiza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, najua. Naogopa, Nelius. Lakini nisipokuja, sahihi ile itasema badala yangu. Karimi nitamwacha kwa jirani, Mama Celina.

Unione Ijumaa.
Dada yako,
Virginia

Kianjokoma,
23 Machi 1986

Dada,

Leo sikuulizi hali kwa desturi, nakuuliza kweli. Uko wapi?

Ijumaa nilifika Runyenjes saa mbili. Mutegi akaja saa tano, peke yake, suti safi, viatu vimejaa matope. Akawaambia wazee kwamba uliugua njiani ukashuka, ukapata gari la kukurudisha Meru. Akatoa kitambulisho chako na ile idhini. Nilisimama nikasema ulikuwa uje kuikana. Wazee wakanong'onezana, wakaahirisha wiki mbili, mpaka uonekane.

Jana nilipiga simu kanisani kwenu. Karimi bado yuko kwa Mama Celina, hakuna aliyekuja kumchukua. Nimeripoti kwa askari. Wameniuliza ulivaa nini, nikawaambia sikukuona. Kesho alfajiri tunatoka na watu wa kanisa, tunaanzia Thuchi.

Kuna jambo sijamwambia mtu ila wewe. Ijumaa ile, wazee walipotoka nje, nilimfuata Mutegi hadi kwenye gari. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Shemeji, chukua shamba. Chukua na nyumba ya Baba, sitasema neno. Niambie tu umemwacha wapi." Akautoa mkono wangu polepole, akaingia, akawasha gari. Akasema, "Ungesema hivyo wiki iliyopita."

Mdogo wako,
Nelius